"Haijathibitika" Si "Haifai"

Cheo cha udaktari kina mashaka yake mtu arudipo kijijini. Kule Soin, ambako ardhi ya Kericho huteremka kuelekea bonde la Nyando, baridi ya mashamba ya majani chai ikabaki juu na miwa ikaanza kuonekana, watu wakisikia kwamba mwana wa fulani amekuwa daktari huko chuo kikuu hawaulizi ni daktari wa nini. Nimeonyeshwa vidonda, nimeletewa picha za eksirei, na wakati mmoja nilipelekwa zizini kumtazama ndama aliyekataa kunyonya. Hujitetea kwamba udaktari wangu ni wa isimu, yaani elimu ya lugha, na kwamba sijui hata kuchoma sindano. Utetezi huo haujawahi kunifaa.

Basi likizo iliyopita niliitwa na mzee mmoja ambaye siwezi kumkatalia jambo. Ndiye aliyenifundisha Kiswahili katika shule ya msingi, na ndiye wa kwanza kuniambia kwamba kitenzi cha Kiswahili hukatwa vipande kama muwa, kila kipande na utamu wake. Alistaafu zamani. Kisukari kilimwandama kwa miaka mingi, na hatimaye figo zake zikachoka hata zikashindwa kazi kabisa.

Wagonjwa wengi wa namna yake katika nchi yetu husafishwa damu kwa mashine hospitalini, aghalabu mara mbili kwa juma, na tangu serikali ilipokodisha vifaa mwaka wa 2015 na kuvisambaza katika hospitali za kaunti, safari za mbali zimepungua kwa wengi. Mwalimu ni mmoja wa wale wachache wanaotumia njia ya tumbo. Ndani ya tumbo la kila mmoja wetu mna utando mwembamba unaofunika matumbo, nao umejaa vijishipa vya damu visivyo na idadi. Mgonjwa hupachikwa mpira laini tumboni, na kupitia mpira huo huingiza lita mbili hivi za maji yenye chumvi na sukari, akayaacha kwa saa kadhaa yavute uchafu na maji ya ziada kutoka katika damu, kisha akayatoa na kuingiza mengine. Hufanya hivyo mara nne kwa siku nyumbani kwake, mikono ikiwa imeoshwa vyema na madirisha yamefungwa, kwa maana vijidudu vikipenya mpirani huweza kuzua maradhi ya kuua. Yeyote aliyewahi kukaa Soin mwezi wa Februari anajua gharama ya kufunga madirisha. Hata jina la mahali penyewe, katika lugha yetu ya Kikalenjin, ni jina la nchi ya chini yenye joto, kinyume cha nyanda za juu zenye ukungu.

Njia hii si ngeni duniani. Mjerumani Georg Ganter aliijaribu kwa binadamu mwaka wa 1923. Mpira wa kudumu ulisanifiwa na Henry Tenckhoff huko Seattle mwaka wa 1968. Na mtindo wa mgonjwa kujihudumia mwenyewe mchana kutwa ulibuniwa Texas mnamo 1976. Hong Kong iliifanya kuwa njia ya kwanza kwa wagonjwa wake tangu 1985. Karibu nasi, hospitali ya KCMC mjini Moshi ilianza mwaka wa 2009 kuitumia kuwaokoa watu ambao figo zao zimekwama ghafla. Kwetu, hata hivyo, mwenye mpira tumboni bado ni mtu wa kutazamwa mara mbili.

Mwalimu alinipokea kwa chamgei, kisha, kama ilivyo desturi yake kwa kila aliyepita mikononi mwake, akahamia kwenye Kiswahili sanifu. Juu ya meza palikuwa na kikopo cha vidonge kilichojaa. Alikuwa ameacha kuvinywa kwa majuma matatu.

"Daktari wa maneno," akaniambia, "shauri hili ni la maneno, ndiyo maana nimekuita."

Akanieleza. Vidonge hivyo ni vya kupunguza lehemu, katika jamii ya dawa ziitwazo statini, na alikuwa akivinywa tangu enzi za kisukari, kabla hata figo hazijamharibikia. Daktari mmoja alimwambia zamani kwamba dawa hiyo ina kazi mbili: hupunguza lehemu, na tena hupunguza uvimbe. Majuzi kijana wake akasikia katika kipindi cha redio kwamba dawa za lehemu hazisaidii wagonjwa wanaosafishwa damu. Mwalimu akapiga hesabu. Lehemu yake ilipimwa ikaonekana iko chini. Uvimbe hana, si miguuni si tumboni. Na redio imesema dawa haifai. Ya nini basi kuendelea kumeza na kulipia?

Nilikiri kwamba hoja hiyo, kwa kuitazama kijuujuu, haina ufa. Nikaomba muda. Nilirudi chuoni nikambisha hodi mwenzangu wa kitivo cha tiba, naye akanikalisha na makala za watafiti kwa siku mbili. Nilichokipata humo ndicho ninachowaletea walimu wenzangu na wanafunzi wao, kwa kuwa nimeamini kwamba kila nguzo ya hoja ya Mwalimu ilisimama juu ya neno lililoteleza.

Tuanze na uvimbe. Mwili ukidhurika, ama kwa kidudu, ama kwa jeraha, ama kwa kitu kigeni kilichoingizwa ndani, huamsha jeshi lake: damu hukimbilia pale, chembechembe za kinga hukusanyika, kemikali za vita humwagwa. Likitokea kidoleni tutaona wekundu, joto, maumivu na kufura. Lakini jambo hilo hilo hutokea pia ndani ya kuta za mishipa ya damu, kwa miaka, polepole, bila kufura popote panapoonekana. Kulitaja kwa neno uvimbe ni kumwelekeza mgonjwa atafute kitu cha kupapasa. Na asipokiona, hudhani hana. Wengine ndio hushtuka zaidi, maana uvimbe kwetu ni pia jina la saratani inayoota.

Kiswahili, kwa hakika, kiliwahi kulitatua tatizo hili kwa njia ya werevu. Tunasema homa ya mapafu, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Katika majina hayo homa si joto la mwili tu. Ni ule moto wa kinga unaowaka ndani ya kiungo. Kwa kufuata njia hiyo tungeweza kuuita ugonjwa wa utando wa tumbo, ambao ndio adui mkuu wa watu kama Mwalimu, homa ya tumbo. Bahati mbaya nafasi hiyo imekwisha kukaliwa: homa ya matumbo ni taifodi. Baadhi ya waandishi wa tiba hutumia mchochota, wakasema mathalan mchochota wa ini. Mimi nalipenda neno hilo. Limebeba uchungu na uchokozi bila kudai kwamba lazima kitu kifure. Nitalitumia hapa, na atakayekuwa na bora zaidi aniandikie.

Mtu mwenye figo zilizokufa huishi na mchochota usiolala. Takataka ambazo figo zingezitoa hubaki zikiuchokoza mwili. Kwa anayetumia njia ya tumbo kuna ziada: mpira wenyewe ni mgeni mwilini, na maji yenye sukari huukwaruza ule utando siku baada ya siku. Sukari hiyo pia hunyonywa ikaingia damuni, gramu mia moja au zaidi kwa siku, na papo hapo protini huvuja na kutoka pamoja na maji yanayomwagwa. Ini nalo, likijaribu kufidia, hutengeneza mafuta zaidi. Ndiyo sababu wagonjwa wa njia ya tumbo aghalabu huwa na lehemu mbaya kuliko wenzao wa mashine. Na wengi wa wagonjwa wa figo huuawa na moyo na mishipa ya damu kuliko kuuawa na figo zenyewe.

Hapa ndipo statini zinapoingia. Asili yake ni ukungu, kama ule uotao juu ya chakula kilicholala. Mjapani Akira Endo, aliyefariki mwaka wa 2024, alichunguza zaidi ya aina 6,000 za kuvu akitafuta kitu cha kuzuia utengenezaji wa lehemu, na mwaka wa 1973 akakipata katika kuvu wa rangi ya samawati uliotoka kwenye mchele. Dawa ya kwanza ya jamii hii iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka wa 1987. Hufanya kazi kwa kukifunga kimeng'enya kimoja ndani ya ini, mwanzoni mwa mnyororo mrefu ambao mwisho wake ni lehemu. Lakini mnyororo huo una matawi. Katika matawi hayo hutengenezwa pia vitu ambavyo chembe za mwili huvitumia kupelekeana habari za vita. Ukiziba chanzo, matawi nayo hupungukiwa maji, mchochota hupoa. Neno lehemu, tukumbuke, ndilo lile lile analolitumia fundi wa jua kali kuungia vyuma, na kwa kweli linatupa picha nzuri ya kitu kinachoganda. Hata hivyo, picha nzuri mno hudanganya: humfanya mtu adhani dawa ya lehemu kazi yake ni kukwangua ganda, basi.

Mchochota hupimwaje? Hupimwa kwa kutazama protini moja inayotoka katika ini, ambayo madaktari huiita kwa herufi tatu CRP. Iligunduliwa mwaka wa 1930 katika damu ya wagonjwa wa homa ya mapafu. Moto ukiwaka popote mwilini, protini hii hupanda kwa saa chache, ukizimika, hushuka. Haisemi moto uko wapi, husema tu kwamba upo. Mwaka wa 2008 utafiti mkubwa uliojulikana kama JUPITER ulichapishwa: watu 17,802 ambao lehemu yao haikuwa juu lakini CRP yao ilikuwa juu waligawanywa, nusu wakapewa statini na nusu vidonge visivyo na dawa. CRP ya waliopewa dawa ilishuka kwa asilimia 37, na mashambulio ya moyo, kiharusi na majanga yanayofanana na hayo yakapungua kwa asilimia 44. Wanatiba walishangilia. Ila wenye kuuliza maswali waliuliza: kwa kuwa lehemu nayo ilishuka kwa nusu, ni kipi kilichowaokoa, kushuka kwa lehemu au kupoa kwa mchochota?

Watu hao, isitoshe, walikuwa na figo zinazofanya kazi. Kwa wanaosafishwa damu mambo yalikwenda vingine. Ujerumani, katika utafiti uliotolewa mwaka wa 2005, wagonjwa 1,255 wa kisukari waliokuwa kwenye mashine walipewa statini au vidonge bandia. Lehemu ilishuka vizuri, lakini vifo na majanga ya moyo kwa jumla havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Mwaka wa 2009 utafiti uitwao AURORA, wenye wagonjwa 2,776, ulileta jibu la namna hiyo hiyo: lehemu ilishuka, CRP ilishuka, na bado watu walikufa kwa kadiri ile ile. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Sisi wa isimu tunafundishwa kutofautisha ishara na kitu kinachoashiriwa. Moshi ni ishara ya moto, lakini anayepunga moshi kwa ukili hajauzima moto. Dawa ilikuwa imeishusha ishara. Kitu chenyewe, yaani kifo, hakikusogea.

Kwa hiyo redio ilisema kweli? Nusu yake. Tafiti hizo mbili zilifanywa kwa watu wa mashine pekee; hapakuwa na hata mmoja wa njia ya tumbo. Utafiti wa tatu, SHARP wa mwaka wa 2011, uliotumia statini pamoja na dawa nyingine ya lehemu, ulikuwa na watu 9,270 wenye maradhi ya figo, na ndani yake wa njia ya tumbo hawakutimia 500. Kwa jumla majanga yatokanayo na mishipa kuziba yalipungua kwa asilimia 17, lakini wale wa tumbo walikuwa wachache mno kujitolea hukumu yao wenyewe. Kuna tafiti nyingine ndogo ndogo zilizowatazama wao tu na kuona kwamba statini huwashushia CRP. Hizo nazo zilipima ishara, wala hazikuwa na watu wala muda wa kutosha kuhesabu maisha.

Hali hiyo Kiswahili kinayo namna ya kuieleza ambayo lugha nyingi zinatuonea wivu. Tazama tofauti iliyopo kati ya "mgeni hakufika" na "mgeni hajafika." Aliyeambiwa ya kwanza huosha sufuria akalala. Aliyeambiwa ya pili hufunika chakula. Kiambishi hicho kidogo, ja, huacha mlango wazi. Ya dawa za lehemu kwa mgonjwa wa njia ya tumbo, watafiti wanasema haijathibitika kwamba zinamwongezea maisha. Mtangazaji akaitafsiri kuwa zimethibitika hazisaidii, msikilizaji akaifupisha kuwa hazifai, na Mwalimu akafunga kikopo. Simlaumu sana mtangazaji. Habari ile yamkini ilimfikia kwa Kiingereza, ambacho kwa kukanusha hakina kiambishi cha namna hii, na kiambishi kisipokuwepo katika chanzo ni rahisi kukiacha katika tafsiri.

Lipo kosa jingine la namna hiyo, na hili ndilo lililonihangaisha. Kundi la wataalamu wa figo duniani, KDIGO, lilitoa mwongozo mwaka wa 2013. Unashauri kwamba mgonjwa ambaye tayari yuko katika kusafishwa damu asianzishiwe statini. Sentensi inayofuata inashauri kwamba aliyekuwa akizinywa kabla ya kuanza kusafishwa aendelee nazo. Ni pendekezo katika sentensi zote mbili, wala si amri, na la pili ushahidi wake ni dhaifu kuliko la kwanza. Wenyewe wamekiri hivyo. Lakini kutoanza si kuacha. Mtu anayemwambia mwanafunzi "usianze kuandika" hajamwambia aliyefika ukurasa wa pili aweke kalamu chini. Mwalimu alikuwa ukurasa wa pili, tena kwa miaka.

Na lehemu yake iliyokuwa chini? Hapo pia pana mtego. Watafiti waliona zamani jambo la ajabu kwamba miongoni mwa wanaosafishwa damu, wenye lehemu ya chini hufa zaidi kuliko wenye lehemu ya juu, kinyume cha watu wengine wote. Kuna waliokimbilia kusema kwamba lehemu basi ni kinga. Mwaka wa 2004 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa 823, wa mashine na wa tumbo, wakalifumbua fumbo: ni mchochota na lishe duni vinavyoishusha lehemu, na ni hivyo hivyo vinavyoua. Kwa wasio na mchochota, lehemu ya juu ilibaki na hatari yake ile ile ya siku zote. Kwa hiyo namba ndogo katika karatasi ya maabara yaweza kuwa kazi njema ya dawa, au yaweza kuwa dalili ya mwili unaojila. Namba haijisemei. Inahitaji aliyesoma tiba aitazame pamoja na mengine, si mtoto wa mgonjwa, wala mimi.

Nilirudi Soin nikamweleza Mwalimu hayo yote barazani, tukisubiri maji ya saa kumi yatimize muda wake tumboni. Sikumwambia anywe, sikumwambia aache. Nilimwambia kwamba hukumu hiyo haikuwa yangu, wala ya redio, na kwamba kwa majuma matatu alikuwa amejitibu kwa sarufi mbaya. Neno hilo lilimuuma kuliko mengine. Alichukua daftari akaandika maswali ya kwenda nayo kliniki, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: je, lehemu yangu iko chini kwa dawa au kwa njaa? Je, mchochota wangu umepimwa? Je, nilianza dawa kabla ya mpira au baada yake, na je, faili inasema hivyo? Alipofika swali la nne alisita. Aliandika, "Dawa hii itaniongezea siku?" Akalitazama, akafuta "itaniongezea" akaweka "imethibitika kuniongezea", kisha akalirudisha la kwanza. Alisema daktari atajua alichokusudia.

Juma lililofuata alinipigia simu. Daktari, msichana wa kutoka upande wa Bomet, alimsomea faili, akamwambia kwamba kwa hali yake aendelee na vidonge, akaagiza apimwe damu upya, na akakiri kwamba juu ya swali la nne hana jibu la kumpa mtu wa njia ya tumbo. Mwalimu alionekana kuridhika na kukiri huko kuliko na hayo mengine. Tena alikuwa amelitumia neno mchochota mbele yake. Daktari hakuwa amelisikia, ila aliliandika pembeni mwa faili.

Akaniuliza kama lina wingi. Nikamwambia ni michochota. Akasema ndivyo alivyodhani, ila alitaka kuhakikisha.